Mama Mkwe Atoa Ushahidi

Watu bado wanamwita Fundi, ingawa ana miaka sita hajashona hata shati. Kila asubuhi hutoka kwenye chumba chake cha kupanga, huenda mtaa wa pili kumnyoosha mguu bibi aliyekuwa mama mkwe wake. Bibi huyo alipata kiharusi. Fundi na mwana wa bibi wameachana miezi mitatu sasa, lakini mama hajaachwa na mtu.

"Polepole! Huo ni mguu, si kitambaa," bibi alilalamika.

"Kitambaa hakipigi kelele, mama."

Wakacheka. Nawapenda hawa wawili, sifichi.

Kisha Fundi akasema, "Mama, nauza cherehani. Kodi ya chumba imenishinda."

"Uuze cherehani! Utashona kwa meno?"

"Nimshonee nani? Nilipokuwa nakuuguza, wateja wote walihama."

"Umemwambia mwanangu?"

"Nikamwombe yeye? Bora nilale njaa. Mimi si ombaomba."

Bibi hakubishana. Alimwita jirani kupitia dirishani. Jirani huyo ni msaidizi wa sheria, na hutoa ushauri bila malipo. Alikuja na kikombe chake cha chai mkononi.

"Matunzo si sadaka," jirani alieleza. "Ndoa ikivunjwa, unaweza kuiomba mahakama iamuru mwenzako akutunze. Hakimu huangalia mahitaji yako, uwezo wake, miaka ya ndoa, na kazi uliyoiacha kwa ajili ya familia."

"Atanilipa mpaka nizeeke?"

"Mara nyingi ni kwa muda, mpaka usimame tena. Hali ikibadilika, yeyote kati yenu anaweza kurudi mahakamani. Lakini usichelewe kuomba. Chukua cheti cha ndoa, hati ya talaka na risiti za kodi. Tafuta na shahidi."

"Shahidi gani? Mimi nilikuwa jikoni na chumbani kwa mgonjwa."

"Na mgonjwa hana macho?" bibi alifoka. "Shahidi ni mimi!"

Siku ya kesi, bibi alipanda ngazi za mahakama kwa fimbo. Alikataa kushikwa mkono. Mwanawe alipomwona, alishtuka.

"Mama, uko upande wa nani?"

"Wewe ni mwanangu, nakupenda. Lakini ulipandishwa cheo kwa sababu hukukosa kazini hata siku moja. Nani alikuwa akiniogesha?"

Mwana aliinamisha kichwa. Aliona aibu kweli kweli. Hakimu alipomuuliza, alijibu, "Ni kweli. Aliacha kushona, na mimi ndiye niliyemwambia aache."

Mahakama iliamuru amlipe Fundi matunzo kila mwezi kwa miaka miwili. Amri iliandikwa, kila mmoja akapewa nakala yake. Fundi alilipa kodi. Alitia mafuta cherehani yake, akabandika tangazo mlangoni. Wateja wakaanza kurudi, mmoja mmoja, na maneno mengi ya kumtania.

Mwaka ulipita. Jumamosi moja asubuhi, mwanamume mmoja alisimama mlangoni na suruali ya kupunguza kiuno. Alikuwa mtalaka wake. Ndani mlikuwa na watu wanne.

"Karibu," Fundi alimwambia, akitabasamu. "Wewe ni wa tano."

Mwanamume akavuta kigoda, akakaa kusubiri zamu yake.