Alijimiminia Mwenyewe

Wanepali wenzangu mnaoishi hapa Ashikaga, Japani, na ninyi wenyeji mnaotualika mezani kwenu, nisikilizeni. Habari hii ni ya Khagendra, jirani yangu wa mlango wa pili.

Jumapili ile ilianza vizuri. Kiwanda chao cha vipuri kilifanya karamu ya nyama choma kando ya mto. Mtoto wake alichezea maji, mkewe Sabitra akicheka na wake wa wafanyakazi. Khagendra alishika chai yake baridi. Hanywi pombe, na rafiki yake Miyake, Mjapani wanayefanya naye kazi, alilijua hilo vizuri, maana amekula wali na dengu kwao hadi mtoto anamwita mjomba. Ni Miyake huyo aliyemfundisha adabu za meza ya Kijapani: mtu hajimiminii kinywaji. Humiminia mwenzake, naye humiminiwa.

Basi akaja msimamizi wao, Bwana Numata, uso umeshaiva, chupa ya pombe ya mchele mkononi.

"Khagen, lete kikombe."

"Ahsante bosi, nina chai."

"Chai? Unaumwa? Sote tunakunywa, wewe unatutazama kama mkaguzi!"

Watu wakacheka. Miyake akamnong'oneza, "Pokea tu, kaka. Usimwaibishe mzee."

Akapokea. Akamiminiwa tena na tena. Kisha barafu ikaisha.

"Khagen, kimbia dukani na baiskeli yako," akasema Numata.

"Bosi, nimekunywa."

"Baiskeli si gari! Nenda bwana, bia zinapata moto."

Jamani, sheria ya hapa haimwachi mlevi hata akiwa juu ya baiskeli, wala haimwachi aliyemnywesha akijua ataendesha. Numata alilijua hilo. Polisi walimsimamisha Khagendra darajani, wakarudi naye mtoni kuuliza nani alimpa pombe.

"Alijimiminia mwenyewe," akasema Numata.

Alijimiminia! Nani pale hakujua kwamba huo ni uongo mtupu? Lakini wote wakakodolea macho majivu ya jiko.

"Mwongo! Wewe ndiye uliyemmiminia!" Sabitra akapiga kelele. "Miyake, sema basi! Si ulikuwa umekaa hapa hapa?"

Miyake akainamisha kichwa. "Samahani, shemeji. Sikuona."

Kiwanda kikaamini kosa ni la Khagendra peke yake, kikamfukuza. Kibali chao cha kuishi nchini kilitegemea kazi ile, na hakikuongezwa. Siku wanafunga mizigo, Miyake alikuja na boksi la keki, akainama mlangoni mpaka mimi nikaona aibu kwa niaba yake. Nilidhani atatukanwa. Wala.

"Ulikuwa unaogopa nini?" Khagendra akamwuliza.

"Kupoteza kazi."

"Hata mimi."

Akafunga mlango. Ndani, mtoto akauliza kwa nini mjomba haingii.

FUNZO

Wageni wenzangu, kama hunywi, usinywe kwa sababu watu wamecheka. Kicheko chao kitakwisha jioni ile ile, na hasara utabaki nayo wewe na watoto wako.

Nanyi wenyeji, msimshurutishe mtu kunywa halafu mkamkana. Sisemi nyote mko hivyo. Nina marafiki wema hapa. Lakini hasira yangu kwa Numata imeshapoa, kwa Miyake bado. Numata alikuwa bosi tu. Miyake alikuwa ndugu, na neno lake moja la kweli lingewabakisha.