Ngao Juu ya Mlango wa Maktaba

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia maktaba kusoma kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo alibandikwa na bibi yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Ni pale tu, kwenye meza ya dirishani, ndipo alipokaa kimya.

Ijumaa moja mvua kubwa ilimkuta humo. Bibi alimfuata na mwavuli, lakini hakuingia. Mkutubi alimkaribisha mara mbili. Bibi akatikisa kichwa, akabaki barabarani miguu ikilowa. Chiriku aliona haya. Njiani alimuuliza bibi kwa nini alimkatalia mtu muungwana namna ile.

Bibi akamweleza. Zamani jumba lile lilikuwa ofisi ya watawala wa kigeni. Ngao ya mawe juu ya mlango, yenye mkono ulioshika kiboko, ilikuwa nembo yao. Baba yake bibi alichelewa siku moja kwenye kazi ya kulazimishwa; walimchapa uani pale, akarudishwa nyumbani amebebwa.

"Mjukuu wangu, siwezi kupita chini ya mkono ule," alisema.

Chiriku alikuwa amepita chini yake miaka mitatu, akidhani umeshika ua.

Kesho yake alimsimulia mkutubi. Mkutubi alimshauri aandike barua kwa kamati ya maktaba, kisha mkutubi mwenyewe akaipeleka. Kamati iliita kikao katika darasa la shule ya jirani ili bibi naye ahudhurie. Chiriku alikwenda amejaa hasira, akitaka ngao ile ivunjwevunjwe.

Mtu wa kwanza kupinga alikuwa fundi mwashi mzee. Aliyeichonga ni baba yake, na hakuna kazi nyingine ya mikono yake iliyobaki duniani. Alisema hayo kwa upole, akitazama viganja vyake. Chiriku alimgeukia bibi yake.

Bibi ndiye aliyeuliza. "Fundi, walimlipa baba yako?"

"Hawakumlipa hata kidogo, dada. Alikamatwa kama wengine."

"Basi baba yako na baba yangu walikuwa chini ya kiboko kimoja."

Baada ya hapo hapakuwa na ubishi mrefu. Wiki iliyofuata fundi aliishusha ngao mwenyewe, taratibu, bila kuipasua. Iliwekwa katika chumba cha ndani, usawa wa macho. Pembeni yake yalibandikwa maelezo aliyoyaandika Chiriku huku bibi na fundi wakimsimulia. Jina la aliyechonga na jina la aliyechapwa yaliandikwa kwa herufi zenye ukubwa mmoja.

Siku ya kufungua chumba, bibi alipita mlangoni akiwa ameshika mkono wa mjukuu wake. Alisoma maelezo hadi mwisho, akamshukuru fundi, kisha mkutubi. Halafu akamgeukia Chiriku.

"Nakushukuru kwa kuniuliza kabla ya kunihukumu," alisema. "Historia haifichwi, mwanangu, lakini pia haitundikwi juu ya vichwa vya watu walioumizwa nayo. Huwekwa mahali ambapo kila anayeitazama ataelezwa ukweli wake wote."

Mkutubi alimvutia kiti. Bibi aliketi, akatazama rafu moja baada ya nyingine, akauliza kama kulikuwa na kitabu chenye maandishi makubwa.