Mawe Matatu Nyuma ya Zizi

Kila jioni, akishachota maji na kufunga ndama, Doto alikimbilia dukani kwa Mudathiri, hapo Nkoma senta, kutazama runinga. Alikuwa msichana wa darasa la sita, na kipindi alichokipenda kilihusu wanaume wa nchi za mbali waliotafuta dhahabu iliyofukiwa na maharamia, ambayo hata babu zao waliisikia tu katika hadithi. Kila wiki walichimba shimo jipya kwa mitambo mikubwa. Walikuwa hawajapata kitu zaidi ya misumari yenye kutu, lakini muziki ulivyopigwa ungedhani wamekwisha kuigusa.

"Wiki ijayo wataipata tu," Doto alisema kila mara.

"Hata kwetu ipo," Mudathiri alimwambia siku moja huku akipima sukari. "Watu wanasema Mjerumani alipokimbia alifukia mali, akaweka mawe matatu juu yake kama alama."

Doto aligeuka, akaisahau runinga. Nyuma ya zizi la zamani la nyumbani kwao kulikuwa na mawe matatu meupe. Hakuna aliyelima pale, na Bibi Milembe alifukuza hata mbuzi waliosogea. Kumbe Bibi alikuwa akilinda mali! Doto hakuitaka dhahabu kwa kujionyesha. Alitaka mama yake, Sayi, asiendelee kuinama kwenye pamba kutwa nzima, na pengine acheke. Mama yake hakuwa mtu wa kucheka.

Jumamosi asubuhi mama alimwita waende na Bibi kupalilia.

"Mayu, tumbo linaniuma," Doto alimdanganya mama yake.

"Pole, mwanangu. Pumzika basi."

Walipoondoka tu, Doto alichukua jembe, akayasukuma mawe pembeni, akaanza kuchimba. Mvua ilikuwa imelainisha udongo. Mara jembe likagonga kitu, kikapasuka kama chungu.

"Nimepata! Mayu, nimepata!" alipiga kelele, sauti ikafika hadi shambani.

Mama alikuja mbio. Alipoliona shimo, jembe lake la kupalilia lilimponyoka.

"Usiguse! Doto, toka hapo!"

"Ni mali ya Mjerumani, mayu. Hutalima tena."

Mama alipiga magoti, akaanza kuokota vipande vya chungu na kujaribu kuviunganisha.

"Huyu ni Kulwa," alisema.

Jina la Doto lenyewe lilionyesha kwamba alizaliwa pacha, na kwamba Kulwa alimtangulia. Aliambiwa Kulwa alikufa akiwa mchanga, basi. Nyumbani hakutajwa. Doto hakujua kwamba mwenzake alizikwa ndani ya chungu, kama mila ya zamani ilivyotaka kwa pacha, hapo hapo alipokuwa akicheza kila siku.

Bibi Milembe alifika akihema. Alitazama shimo, akaketi chini kwenye udongo.

"Mimi nililelewa kwamba pacha akifa haliliwi," alisema. "Tuliambiwa ukimlilia, atamwita mwenzake. Nikamkataza mama yako kulia ili tusikupoteze na wewe. Akanyamaza, nami nikanyamaza, mpaka leo."

Doto aliangua kilio. "Nimekivunja, mayu. Tumbo haliniumi, nilikudanganya. Nilitaka upumzike."

Mama alikuwa amekumbatia kipande cha chungu kifuani. Bibi alimshika bega.

"Lia, Sayi. Doto amekuwa mkubwa, Kulwa hawezi kumwita tena. Lia, mwanangu."

Mama akalia, kilio kirefu alichokuwa amekizuia tangu Doto akiwa mgongoni. Doto alimshika mkono, wakalia pamoja.

Baadaye mama alivua khanga yake, akafunika chungu na vipande vyake vyote, wakarudisha udongo. Doto aliyapanga mawe mwenyewe, huku akieleza aliyoyaona kwenye runinga na aliyoambiwa dukani.

"Wale wa kwenye runinga wanachimba mahali ambapo hawana wa kumuuliza," Bibi alisema. "Wewe ulikuwa na sisi. Ungeuliza, mjukuu wangu. Na sisi wakubwa tulipaswa kukueleza bila kungoja uulize. Kudanganya kumetuumiza sana leo, na kuficha kumetuumiza miaka mingi. Ukitaka kumpumzisha mama yako, chukua jembe ukasimame naye shambani."

Jioni ile Doto hakwenda dukani. Alipalilia mstari mmoja na mama yake hadi jua likashuka. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Mayu, Kulwa alikuwaje?"

Mama aliegemea mpini wa jembe, macho bado mekundu.

"Alikuwa na sauti kubwa kukushinda," alisema, na kwa mara ya kwanza akaanza kumsimulia.