Rudisheni Mikono Yangu

Boga lilimponyoka Rosvi Magbanua katikati ya soko la La Paz. Likaanguka kwa kishindo, likabingirika chini ya meza ya muuza mlonge, likavuka njia na kupotelea upande wa samaki. Rosvi hakulikimbilia. Alikuwa na gauni la njano lenye maua makubwa mekundu, midomo imekolea rangi ileile ya maua, na vikapu viwili mikononi. Alisimama palepale, mwanamke mnene wa miaka thelathini na ushee asiyejua kujikunyata, akapaza sauti:

"Jamani huko kwa samaki! Nani kaliona boga langu?"

Watu wakacheka. Kijana mmoja mrefu, shati jeupe, kamera shingoni, alitokea kati ya meza za samaki akiwa amelikumbatia boga kama mtoto mchanga. Magamba yalikuwa yameganda kwenye boga na kwenye shati.

"Lilikuwa linatoroka, dada," alisema. "Limenikuta nakunywa supu."

"Asante. Na pole kwa shati."

"Shati litafuliwa. Unakwenda kulipika na nazi?"

"Naoka mafini."

"Zile keki ndogo za vikombe? Napenda kitu kitamu mimi!"

"Zangu ni za chumvi. Boga, karoti, mlonge, vitunguu vya majani, jibini kidogo. Sukari hata chembe hakuna."

Kijana alikunja uso kama aliyeambiwa ameze dawa.

"Ndiyo nini sasa?" Rosvi akamkazia macho. "Umekunja uso na hujaonja. Nyuma ya kanisa la Molo, mlango wa bluu. Njoo jioni ule kwanza, halafu ukunje unavyotaka."

"Niulizie nani?"

"Uliza kwa Rosvi mnene. Hakuna asiyenijua."

Alisema 'mnene' kama mtu anavyosema 'mrefu', bila kusita na bila kuomba radhi. Kijana, Delfin Palmares jina lake, alibaki amesimama na harufu yake ya samaki, akimtazama akiondoka, na supu yake ikapoa.

Jioni alifika, shati jipya, nywele zimechanwa kwa maji. Mlango ulifunguliwa na mzee mwenye mkongojo, mzee Vicente, babake Rosvi, aliyeendesha kreni bandarini hadi ugonjwa wa sukari ulipomla vidole viwili vya mguu.

"Wewe ndiye uliyeokoa boga?" mzee aliuliza. "Pita. Lakini nakuonya, humu ndani sukari haijatia mguu miaka mitatu."

Ndivyo mafini yale yalivyoanza. Daktari alipomkataza mzee mikate mitamu ya asubuhi, alilia kama mtoto. Rosvi hakuweza kuyavumilia machozi yale. Akaanza kujaribu: unga wa shayiri, mayai, mafuta kidogo, mboga zozote za soko. Trei za mwanzo zilitoka ngumu, zilizofuata zikatoka mbichi katikati. Mzee aliziita keki za hospitali. Kisha siku moja Rosvi alimkuta amezificha mbili chini ya mto, ndipo akajua amepatia. Sasa mtaa mzima uligonga mlango wa bluu kila asubuhi.

"Nawa mikono," Rosvi alimwamuru Delfin. "Hapa kwangu mgeni hakai bure." Akamtupia kitambaa kilichojaa mumunye lililokwaruzwa. "Kamua. Maji yakibaki, utakula uji ndani ya kikombe."

Delfin alikamua mpaka mishipa ikamtoka. Rosvi aliyamwaga mayai kwenye unga, akageuza mwiko mara chache, akaacha.

"Mbona bado kuna madonge?"

"Yaache. Unga ukiusumbua sana unakasirika, mafini yanatoka magumu. Kama mimi tu."

"Basi sitakusumbua."

"Nisumbue kidogo," Rosvi alisema, akageukia oveni haraka ili asionekane uso.

Harufu ya jibini na vitunguu ilijaa nyumba nzima. Delfin alikula mafini manne yakiwa ya moto, akiungua ulimi na kupuliza, na hakukunja uso hata mara moja.

Tangu siku hiyo simu hazikukatika.

"Unafanya nini, mrembo?"

"Nakwaruza karoti."

"Unanifikiria?"

"Nafikiria vidole vyangu. Kikwaruzo hiki hakina huruma."

"Basi nije nikwaruze mimi."

"Njoo. Na ulete mayai, mpenzi. Mikono mitupu haifunguliwi mlango."

Delfin alikuwa mpiga picha katika kampuni ya matangazo. Wakati duka moja kubwa lililokuwa karibu kufunguliwa mjini lilipotaka kuuza mafini ya Rosvi, kazi ya tangazo ilimwangukia yeye. Alimpiga picha jikoni kwake, jua la asubuhi likiingia dirishani, Rosvi ndani ya gauni lile la njano, ameishika trei mbele yake, anacheka. Delfin aliitazama picha kwenye kamera.

"Nimetokaje?" Rosvi aliuliza.

"Umetoka wewe."

Jumapili hiyo alimpeleka kwa mama yake, mtaa wa Jaro. Mama Consuelo alikuwa mjane mwembamba, blauzi ya lesi, mgongo umenyooka kama rula. Aliandaa wali na mchuzi wa mbaazi, fenesi bichi na nyama ya nguruwe. Rosvi alikuwa ameleta trei ya mafini. Mama Consuelo alichukua moja, akalizungusha kwenye sahani, akalirudisha.

"Kwa hiyo binti, wewe ndiye unayefundisha watu kula kwa afya?" Alimpima kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe?"

"Ndiyo, mama, mimi. Napanda ngazi za kanisa bila kupumzika, na damu yangu imepimwa mwezi uliopita, haina neno. Mwili huu ni wa bibi yangu, aliniachia pamoja na sauti. Vyote navipenda."

"Sauti nimeisikia," alisema Mama Consuelo.

Rosvi alimtazama Delfin. Delfin alikuwa anatafuta kitu ndani ya wali wake, na hakukipata mpaka chakula kikaisha.

Njiani kurudi Rosvi aliuliza kwa upole, "Ulimi wako uliuacha wapi leo?"

"Mama ni mtu mzima, kipenzi. Ukimjibu anazidi. Mzoee tu."

"Nimzoee," Rosvi alirudia.

Tangazo lilipanda siku chache baadaye, ukuta mzima wa mbele wa duka. Rosvi aliteremka kwenye teksi kwenda kujiona. Aliinua macho, akaona msichana mwembamba asiyemjua, shingo ndefu, meno kama lulu, gauni la njano limembana kiuno kisichozidi kiganja. Ameshika trei ya mafini. Rosvi aliyatambua mafini. Kisha akaitambua mikono iliyoshika trei: minene, yenye vishimo kwenye vifundo, na juu ya kidole gumba cha kulia kovu jeusi la moto wa oveni.

Walikuwa wamemkata yeye wakaiacha mikono yake.

Alipiga simu palepale barabarani.

"Delfin. Niko chini ya tangazo."

"Rosvi, nisikilize..."

"Ulijua?"

"Nilijua tangu jana, lakini..."

"Jana! Ukaniacha nije nijionee mwenyewe, mbele ya watu, na lipstiki yangu! Kwa mama yako ulinyamaza. Hapa umenikata kabisa. Kama unanionea haya, ungesema tu, ningebaki jikoni kwangu."

"Si mimi niliye..."

Simu ilikatwa, na baada ya hapo haikupokelewa tena.

Ukweli ni kwamba Delfin hakuwa ameigusa picha ile. Jana yake aliiona imeshakatwa kwenye meza ya bosi wake, Bwana Teves, wakagombana mpaka akatolewa nje ya ofisi kwa siku ile. Alitembea kwa miguu hadi Molo kumweleza Rosvi. Alifika dirishani akamwona anamwonyesha babake aproni mpya aliyoishona kwa siku ya ufunguzi, anazunguka nayo huku mzee akipiga makofi. Mguu ukakataa kuingia. Akarudi alikotoka. Woga ule ndio uliomponza, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Rosvi hakulia mpaka alipomaliza shughuli yake. Aliingia ofisi ya meneja wa duka bila kugonga.

"Chagueni," alisema. "Wekeni kichwa changu pale juu, au rudisheni mikono yangu."

Meneja alitabasamu kwa uchovu. "Dada, usilichukulie hivyo. Mteja ananunua kwa macho. Chakula cha afya kinahitaji sura ya afya."

"Na mafini?"

"Mafini tunayataka sana."

"Hamtayapata."

Akatoka. Nyumbani alijifungia jikoni, akalia huku akikwaruza karoti, na mzee Vicente akakaa nje ya mlango akimsubiri.

Siku ya ufunguzi ilifika na baluni na tarumbeta. Tangazo halikuondolewa. Ndani ya duka walipanga mafini ya mwokaji mwingine, matamu ya kukereketa. Ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza cha duka la dawa, Rosvi alitandika meza yake ya kukunja. Alivaa gauni la njano na aproni mpya, na lipstiki mara mbili ya siku zote. Akainua trei kama ilivyoinuliwa pale ukutani, akasimama.

"Haya, njooni muone!" mzee Vicente alinguruma kutoka kwenye kiti chake. "Mikono iliyoko kule juu ni hii hapa chini! Tazameni kovu!"

Watu walisimama. Walitazama juu, wakatazama chini, wakahesabu vishimo vya vifundo. Mama mmoja aliyebeba mtoto akaangua kicheko: "Jamani ni yeye! Wamemng'oa kichwa!" Kicheko kikasambaa, lakini hakikuwa cha kumcheka Rosvi. Simu zikatoka mifukoni kupiga picha. Foleni ya dukani ikaanza kukatika vipande vikivuka barabara. Meneja na Bwana Teves walitokea mlangoni, nyuso zimewasawijika.

Ndipo Delfin alipopenya kwenye umati. Hakuwa amenyoa, na macho yalikuwa mekundu.

"Picha hiyo nilipiga mimi!" alipaza sauti, akimwelekea bosi wake. "Nilimpiga Rosvi Magbanua, na sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Kichwa kile kimebandikwa ofisini kwetu. Nilikataa, lakini nikaogopa kumwambia mwenye mikono. Leo nasema mbele ya wote."

"Palmares, usirudi kazini!" Bwana Teves alifoka.

"Sirudi!"

Watu wakapiga makofi. Rosvi hakupiga. Aliiweka trei mezani taratibu.

"Kwa hiyo hukunikata wewe," alisema.

"Sikukukata. Lakini nilinyamaza. Mara mbili."

"Mara hii umeongea na umati. Umati hauli wali na mimi Jumapili, Delfin. Mama yako je?"

Delfin akatoa simu, akapiga, akafungulia spika.

"Mama."

"Delfin? Mbona kelele? Uko wapi?"

"Niko barabarani na Rosvi. Mama, nakuheshimu na nakupenda. Lakini siku ile nilikaa kimya ulipomdharau, na haitatokea tena. Ukisema neno jingine juu ya mwili wake, tutanyanyuka mezani wote wawili. Nataka kumuoa."

Watu wakasogea karibu na simu. Hata tarumbeta ilikoma.

"Na yeye amekubali?" sauti ya Mama Consuelo ilikwaruza.

Rosvi akainamia simu. "Shikamoo, mama. Bado hajaniuliza. Amekuuliza wewe kwanza."

Umati uliangua kicheko. Delfin alishikwa na aibu hadi masikioni, akamgeukia. Hakuwa na pete. Alimshika mikono yote miwili, ile ile yenye kovu na vishimo.

"Rosvi, utakubali nikuoe?"

"Nitakubali. Ila siku ya harusi hakuna kunificha nyuma ya maua, wala kunipiga picha ya mabega kwenda juu. Nipigwe nzima."

"Nzima, kipenzi. Kuanzia viatu."

"Delfin!" simu iliita kutoka kiganjani mwake. "Mwambie huyo mwanamke kwamba gauni langu la harusi nililotunza halitamtosha."

Delfin alifungua mdomo kujibu, lakini Rosvi alishaichukua simu.

"Usijali, mama," alisema, sauti yake ikavuka barabara mpaka mlangoni pa duka. "Nitashona langu. Na kitambaa nitanunua kingi."