Kitanda cha Orval Teske

Maiti ilikuwa kwenye chumba cha barafu cha nyumba ya askari wastaafu, nyuma ya nyama ya kulungu ambayo wawindaji wa mji wa Kettle Bluff huwaletea wazee kila Novemba. Mpishi alikuwa akitafuta paja la kuoka. Alipomwona marehemu alitoka mbio mpaka barabarani, na Inspekta Verna Strand alipofika bado aligoma kurudi jikoni.

Verna alikuwa amechoka kabla hata hajashuka garini. Magoti yalimuuma, na maiti za wazee alikuwa ameziona za kutosha. Huyu aliitwa Orval Teske, mkazi wa jengo la mashariki katika nyumba hiyo ya serikali. Alilazwa juu ya makreti, amevaa suti, viatu vimeng'arishwa, bendera ya taifa, ile ya nyota na mistari, imemfunika.

"Moyo," alisema Daktari Pruitt wa polisi. "Hakuna jeraha. Alikufa kwanza, ndipo akaletwa hapa."

"Lini?"

"Kwa baridi hii? Siku tatu, wiki mbili. Usinibane, Verna."

Kumbe hakukuwa na muuaji. Kulikuwa na mtu aliyeficha kifo, na sababu ilijulikana nyumba nzima. Bunge la jimbo lilikuwa limepitisha sheria mpya ya fedha za kuwatunza askari wastaafu. Jengo lenye wakazi chini ya arobaini siku ya ukaguzi linafungwa, na wazee wake wanahamishiwa mji mkuu wa jimbo, mwendo wa saa sita kwa gari. Ukaguzi ulifanyika Ijumaa. Jengo la mashariki lilitimiza arobaini kwa shida, akiwemo Orval, aliyesemekana yuko likizo kwa mpwa wake. Aliye likizo anahesabiwa. Marehemu hahesabiwi.

Verna alianza na meneja, Gladwin Oster.

"Jengo likifungwa, kazi yako inakwenda?"

"Inakwenda, na za wauguzi pia."

"Basi sababu unayo."

"Afande, sababu ninazo tele. Maiti ndiyo siijui."

"Nikikupa bendera umfunike marehemu, nyota unaziweka wapi?"

Oster alifikiri. "Miguuni? Mimi sijawahi kuwa jeshini."

Verna alimwacha aende zake. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa polisi wa jeshi, na alichokiona kule kwenye barafu kilikuwa hakijamtoka kichwani. Nyota zilikaa juu ya bega la kushoto la marehemu, kama jeshi linavyoagiza, na pembe zote zilichomekwa chini yake zisiguse sakafu. Anayeficha maiti hufanya haraka haraka, tena blanketi humtosha. Huyu alishindwa kumwacha mwenzake bila heshima zake.

Wauguzi walisema habari za likizo zililetwa na Leland Hruska, aliyelala chumba kimoja na Orval. Mzee huyo alikuwa mkulima baada ya vita, na mabega ya kubeba magunia bado alikuwa nayo. Verna alimkuta dirishani na mkewe, Arlys, akimpangusia makombo kidevuni. Alimwomba bibi huyo akawaletee kahawa.

"Orval hakuwa na mpwa, mzee."

"Hakuwa na mtu. Alikuwa na mimi."

"Ulimpeleka wewe?"

Leland alikiri bila kusukumwa. Alhamisi asubuhi alimwita mwenzake, akamkuta amekwisha kupoa. Akamvisha, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, akamshushia kofia mpaka puani, akamsukuma mbele ya wauguzi mpaka chumba cha barafu, mpishi akiwa hayupo.

"Mmoja alimsalimia kabisa. Lakini Orval hakuwahi kuwa msemaji, nani angeshtuka?"

"Kwa nini, mzee?"

"Arlys macho yamekwisha, haendeshi tena gari. Anakuja kwa miguu kila asubuhi. Kodi za nyumba za mji mkuu hatuziwezi. Wakinipeleka kule nitamwona lini? Nimpoteze rafiki na mke wiki moja?"

Verna alimwonea huruma, na aliwakasirikia wabunge waliopiga kura kwenye ukumbi wenye joto, wakaenda kula chakula cha mchana. Hasira hiyo haikumsaidia mtu. Alimweleza mzee ukweli: daktari asingeweza kuitaja siku ya kifo, lakini sasa mzee mwenyewe ameitaja mbele ya polisi. Mkaguzi atarudi. Jengo litafungwa.

Leland alitikisa kichwa taratibu. "Na mimi nitafungwa?"

"Kuficha kifo ni kosa."

"Jela ya wilaya si ile nyuma ya posta?"

"Ndiyo hiyo."

"Pale Arlys anafika kwa miguu." Uso wake ulichangamka. "Nifunge, binti. Andika vizuri, nipate miaka."

"Mzee Hruska, kosa hili hutozwa faini tu."

"Hata kwa aliyekiri?"

"Hasa kwa aliyekiri."

Mzee akajivuta mbele kwenye kiti.

"Basi sogea kidogo, mkono wangu haufiki. Nikuchape kofi moja, uandike nimemshambulia polisi."

Verna hakucheka, wala hakusogea. Mkono wa Leland uliinuka kweli, haukumfikia, ukashuka juu ya goti lake mwenyewe. Arlys akaingia akipapasa ukuta, na kahawa yao kwenye sinia, akamuuliza mumewe kesho amletee nini.