Kompyuta Iliyoamka Kabatini

Saa mbili kasoro asubuhi Wakili alifungua kabati la chuma ofisini kwake, na joto likampiga usoni. Kompyuta yake mpakato, ambayo jioni aliilaza na kuifungia mwenyewe, ilikuwa macho: feni inavuma, kioo kinawaka chini ya mfuniko, betri inakata roho. Ilikuwa mara ya nne mwezi ule. Kufuli lilikuwa zima. Funguo zilikuwa mbili tu, mmoja mkobani mwake, mwingine kwa katibu muhtasi wake.

Hakumwita pembeni. Alimsimamisha pale pale mapokezi, wateja wakisikia, akamwambia kuna mtu anayesoma mafaili ya kesi ya shamba ili akayauze upande wa pili, na mtu huyo ana ufunguo. Alimpa mpaka saa tisa alasiri aseme ametumwa na nani. Baada ya hapo angeita polisi.

Katibu alijikaza. Alikwenda chooni, akampigia simu mume wa binti yake.

"Baba, njoo. Wameniita mwizi."

Mkwe huyo alikuwa anaandika viendeshi, zile programu zinazoifanya kompyuta ielewane na viungo vyake. Mama mkwe hakuwahi kuamini kwamba hiyo ni kazi. Aliwaambia majirani kuwa binti yake ameolewa na mtu anayeshinda akikodolea kioo. Mkwe alizisikia habari hizo, na kwa heshima alijifanya kiziwi. Sasa alifika mbio, shati nusu limechomekewa, nusu linapepea. Ni mtu asiyetulia hata siku zisizo na shida.

Alimkuta Profesa amekwisha kuketi. Hilo ndilo jina walilompa fundi wa mashine za ofisi ile, mwenye miwani inayokaa kwenye paji la uso kuliko machoni. Mapajani alikuwa na kompyuta ya aina moja na ya Wakili.

"Kaka, usijisumbue," Profesa alisema, akibonyeza kitufe cha kuwashia ili yake iamke. "Mashine iliyolala haiamki bila kidole cha mtu. Pole kwa mama, lakini ndivyo ilivyo."

Mkwe alimgeukia Wakili.

"Jumamosi na Jumapili je?"

"Naondoka nayo. Nyumbani haijawahi kuamka."

"Si unaona?" Profesa akadakia. "Nyumbani hakuna katibu."

"Yalianza lini haya?"

"Mwezi huu," Wakili alisema. "Na mashine yenyewe haina ubovu, Profesa alitoka kuitengeneza. Zamani ikilala nilikuwa nabonyeza herufi weee, haiamki mpaka nitafute kitufe cha kuwashia. Ilinikera. Sasa nikigusa tu, hii hapa."

Mkwe aliingiza mkono nyuma ya kabati. Kulikuwa na tundu, na waya wa chaja ukipita humo kwenda ukutani. Akasimama, akaenda korido, akarudi, akaenda tena. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye stuli, amekumbatia mkoba wake.

"Baba, kama hujaona kitu niambie mapema. Nisije nikachukuliwa hapa bila kuwaaga wanangu."

Maneno yale yalimchoma. Alitaka kumshika mkono, lakini mama mkwe hashikwi mkono hovyo, basi akabaki akikuna kichwa.

"Nipe muda kidogo, mama."

Alimfuata mlinzi getini. Huyu ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka kila jioni, na alipoulizwa tu, kijasho chembamba kilimtoka.

"Ehe, sasa zamu yangu? Ufunguo wa kabati sina mimi!"

"Sijasema unao. Jioni unafanya nini?"

"Nazungukia vyumba, nazima meni swichi, nafunga geti."

"Unazima umeme wote?"

"Wakili ndiye aliyeagiza. Bili inapanda."

"Kila siku?"

Mlinzi alichungulia nyuma kabla ya kujibu. "Nikikumbuka. Usinichongee, ndugu yangu. Jana nilizima, maana alikuwa amenisema asubuhi."

Saa nane na nusu Mkwe aliwakusanya wote ofisini. Alimwomba Wakili ailaze kompyuta, aichomeke chaja, afunge kabati na ashike funguo zote mbili. Kisha akamwashiria mlinzi, aliyetoka kwenda kwenye meni swichi.

Taa zilizimika. Walisubiri. Profesa alianza kusema kitu kuhusu kupotezeana muda, na hapo hapo, ndani ya chuma, feni ikaanza kuvuma.

Wakili alifungua kabati. Kompyuta ilikuwa macho.

"Aina hii ina kasoro," Mkwe alisema. "Chaja ikikosa umeme, ishara ya uongo inapita njia ya kibodi, kama vile mtu amebonyeza herufi. Wanaoandika mfumo wa kompyuta wanaijua. Ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, walitia kiraka kinachosema: mashine ya aina hii ikilala, usiisikilize kibodi. Ndiyo maana herufi hazikuwa zikiiamsha. Haukuwa ubovu, ilikuwa kinga. Profesa akaitoa."

"Sikujua!" Profesa alisema. "Kweli tena, ningejuaje?"

"Basi laza mashine yako, ile niliyokuona ukiiamsha kwa kitufe, ubonyeze herufi."

Profesa aliikumbatia. Wakili aliinyakua, akailaza mwenyewe, akabonyeza herufi moja, ya pili, akapiga kibodi nzima kwa kiganja. Kimya. Aligusa kitufe cha kuwashia, ikaamka.

"Fundi hujaribu kwanza kwake. Yako pia uliitoa kinga," Mkwe alisema. "Ikakusumbua, ukajua sababu, ukairudisha. Ya Wakili ukaiacha. Leo umekaa hapa tangu asubuhi unamtazama mama akipakwa matope."

Miwani ilimshuka Profesa mpaka puani. "Wakili alinisifia kwa mawakili wenzake. Wanataka nishike mashine zao zote. Nilishajigamba kwamba nimewashinda hao walioandika mfumo! Ningerudi kusema nini? Nilidhani mama atagombezwa tu, halafu yaishe."

"Toka," Wakili alimwambia. "Na hao mawakili nitawapigia mwenyewe."

Alipokwisha kutoka, Wakili alimsogelea katibu wake. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Mama, nimekukosea. Tuseme yameisha?"

"Hayajaisha." Mama mkwe alisimama. "Kunitukana umenitukana mapokezi. Msamaha unanipa chumbani, mlango umefungwa. Watu wale wamekwenda makwao na jina langu la mwizi. Wapigie simu, mmoja mmoja, nami nisikie."

Wakili alivuta simu ya mezani, akaweka sauti ya wazi, akapiga kwa mteja wa kwanza. Aliposema, "Nilimsingizia, hana kosa," mama mkwe, ambaye hakuwa amelia tangu asubuhi, alilia kwa sauti, na Mkwe, bila kujiuliza kama inaruhusiwa, akamshika mkono.