Glavu yenye nukta ya bluu

Nilizingua mimi, jamani. Nawaambia mapema msije mkanihurumia bure.

Nesi Anjela alitoka leba ya zahanati, kule Chunya, anacheka.

"Hongera baba Violet. Mjukuu wa kike."

Akavua glavu pale mlangoni. Kidole kilikuwa chekundu... damu ya binti yangu ilipenya ndani.

Nikaitazama ile glavu. Kwenye ncha ya kidole, nukta ya bluu.

Ya peni yangu.

Niliganda.

Mimi ni mkaguzi wa kiwanda cha glavu, Uyole. Mikono ya kauri inachovywa kwenye maji ya mpira, inaokwa, glavu zinavuliwa. Halafu mimi nachukua chache, najaza maji lita moja, natundika kama soksi, navizia ipi inakojoa. Inayokojoa naitia nukta kwenye tundu, naikata vidole, naitupa.

Safari hii sikukata. Niliona huruma. Nikazianika, nikampa shemeji Rabson azivae kuvunia tumbaku, ile gundi ya majani isimgande mikononi. Tena nikamfungia kwenye boksi safi la kiwandani, mjinga mimi!

Nikampigia.

"Rabson, umeziuza?"

"Shemeji, niuze zawadi yako? Zahanati waliishiwa, nikawapelekea bure. Nikawaambia umezipima mwenyewe."

Nikamgeukia Anjela, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mzigo wetu ulishafika juzi," akasema taratibu. "Boksi jipya lipo pale kabatini. Nikasema hapana, huyu ni binti wa mkaguzi, nimzalishe kwa glavu za baba yake."

Akakiangalia kile kidole. Asubuhi alikuwa amejikata akimenya viazi.

Halafu akaiangalia kadi ya Violet. Pameandikwa homa ya ini.

"Chanjo ya homa ya ini nilichomwa moja tu, baba Violet. Zilizobaki nilikuwa naahirisha."

Akanawa. Akanawa tena. Akaenda kuonana na daktari, hakunitazama.

Mjukuu nilipewa nimbebe. Mzuri, ana pua yangu, maskini. Nikasikia uzito wake tu, basi.

Wakaguzi wenzangu, glavu iliyofeli ikateni vidole. Msiionee huruma. Mtu anaivaa kwa sababu anakuamini.

Wiki ya tatu hii. Kila asubuhi namtumia meseji ileile:

"Sista Anjela, majibu ya damu yako yakitoka niambie. Hata kwa matusi."

Anasoma. Tiki mbili za bluu, basi.